Dola tisa katika kila elfu: kodi ya ziada ya Medicare na fedha zinazosahaulika kwenye W-2

Ikifika Oktoba au Novemba, wapo Waafrika Mashariki wanaofanya kazi Marekani ambao mshahara wao hupungua bila bosi kutamka neno. Hakuna aliyeshushwa cheo, saa za kazi ni zilezile na bima haijapanda bei. Ukiichungulia karatasi ya malipo unakuta mstari mmoja umenenepa: makato ya Medicare, ambayo tangu Januari yalikuwa asilimia 1.45, kuanzia hapo ni asilimia 2.35. Daktari wa usingizi aliyeko Houston, mtaalamu wa programu wa Seattle, nesi wa California aliyezoea kubeba zamu za ziada, wote huishia kuuliza jambo moja: hii tofauti imetoka wapi, na je, hurudishwa?

Wengine hurudishiwa yote. Wengine hurudishiwa sehemu. Na wapo ambao hawakukatwa hata senti, lakini Aprili wanajikuta wanadaiwa. Mwajiri hana sauti katika hayo. Kinachoamua ni ritani ya kodi ambayo mfanyakazi mwenyewe anaijaza, na ndani ya ritani hiyo, karatasi moja ambayo wengi hawajawahi kuisikia: Fomu 8959.

Medicare ni bima ya afya ya serikali kwa wazee wa miaka 65 na kuendelea, pamoja na baadhi ya wenye ulemavu. Rais Lyndon Johnson aliitia saini sheria yake tarehe 30 Julai 1965 katika mji wa Independence, Missouri, akiwa ameketi pembeni ya Harry Truman, rais mstaafu aliyeipigania bima ya afya kwa wote akashindwa. Truman ndiye aliyepewa kadi ya kwanza. Makato ya kuigharamia yalipoanza mwaka 1966 yalikuwa asilimia 0.35 tu, tena kwa dola 6,600 za mwanzo za mshahara wa mwaka. Kiwango kikapanda pole pole hadi kufika asilimia 1.45 mwaka 1986, na tangu 1994 hakuna tena ukomo: dola ya kwanza na dola ya milioni hukatwa sawa. Mwajiri naye hulipa asilimia 1.45 kutoka mfukoni mwake.

Hiyo ndiyo kodi ya kawaida. Ya ziada ilizaliwa na sheria ya bima ya afya ambayo Barack Obama aliitia saini Machi 2010, ikaanza kukatwa Januari 2013. Ni asilimia 0.9, yaani dola tisa katika kila elfu, inayotozwa kwenye sehemu ya kipato cha kazi inayovuka mpaka fulani. Mwajiri haichangii. Ni mzigo wa mfanyakazi peke yake, na fedha zake huingia katika mfuko uleule unaolipia hospitali za wazee.

Mipaka yenyewe ni mitatu. Mtu asiye na ndoa huanza kutozwa akivuka dola 200,000 kwa mwaka, sawa na milioni 25 na ushei za Kenya. Mkuu wa kaya anayelea mtoto peke yake naye mpaka wake ni huohuo. Mume na mke wanaojaza ritani moja huhesabiwa pamoja, na mpaka wao ni dola 250,000. Walio katika ndoa lakini kila mmoja anajaza ritani yake, mpaka ni dola 125,000 kwa kila mmoja.

Tatizo lote linaanzia hapa. Sheria imemwekea mwajiri kanuni moja nyepesi: kwa kila mfanyakazi, akishamlipa dola 200,000 ndani ya mwaka wa kalenda, aanze kukata asilimia 0.9 kwenye kila dola inayofuata hadi tarehe 31 Desemba. Hahitaji kumwuliza kama ameoa. Hatazami kama mkewe ana kazi, wala kama mfanyakazi huyo ana ajira nyingine usiku. Na hata ukimwandikia barua kumweleza kwamba kwenu kipato ni kimoja na hamtafika 250,000, hana ruhusa ya kuacha kukata. Ni kama konda anayekata nauli ya kituo cha mwisho kwa kila abiria. Anayeshukia njiani atajua mwenyewe namna ya kudai chenji.

Tuchukue nyumba mbili za mfano. Katika ya kwanza mume ni daktari anayelipwa dola 230,000 na mke hafanyi kazi ya mshahara. Mwajiri wa daktari amemkata asilimia 0.9 ya dola 30,000 zilizozidi 200,000, yaani dola 270. Lakini kwa kuwa wanajaza ritani pamoja, mpaka wao ni 250,000 na hawajaufikia. Hawadaiwi kodi hii hata kidogo. Dola 270 zote ni zao.

Katika nyumba ya pili mume na mke ni manesi, kila mmoja analipwa dola 140,000. Hakuna mwajiri aliyewakata kitu, kwa sababu hakuna aliyefika 200,000. Wakijumlisha, wana 280,000, wamevuka mpaka wao kwa 30,000. Wanadaiwa dola 270.

Kiasi ni kilekile. Nyumba iliyokatwa haikupaswa kulipa, na iliyopaswa kulipa haikukatwa. Anayelielewa hilo ameelewa sehemu kubwa ya habari hii: kilichokatwa kwenye mshahara si kodi bali ni amana, na kodi yenyewe haijulikani hadi ritani ijazwe.

Sasa twende kwenye makaratasi, maana ndiko fedha zinakopotelea.

Kila mwajiri anatakiwa kumpa mfanyakazi wake fomu W-2 kufikia mwisho wa Januari. Wengi hutazama visanduku viwili tu, cha 1 chenye mshahara unaotozwa kodi ya mapato, na cha 2 chenye kodi ya mapato iliyokatwa. Kwa shughuli yetu ya leo, shuka hadi kisanduku cha 5, mshahara unaotozwa Medicare, na cha 6, makato ya Medicare. Ubaya wa kisanduku cha 6 ni kwamba kimechanganya vitu viwili. Ile asilimia 1.45 ambayo hairudi na ile asilimia 0.9 ambayo huenda ikarudi zimeandikwa kama tarakimu moja, bila alama wala maelezo. Yule daktari wa 230,000 ataona humo dola 3,605. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba 3,335 ni za kawaida na 270 ni za ziada.

Kazi ya kuzitenganisha ni ya Fomu 8959. Fomu hiyo ina sehemu tano, ila mwajiriwa wa kawaida anahusika zaidi na ya kwanza, ya nne na ya tano. Sehemu ya kwanza huuliza: mshahara wa Medicare wa nyumba nzima ni kiasi gani, mpaka wenu ni upi, umezidi kwa kiasi gani, na asilimia 0.9 ya kilichozidi ni ngapi? Ya nne inajumlisha kodi na kuipeleka kwenye nyongeza ya ritani iitwayo Schedule 2, inakoongezwa kwenye deni lenu la mwaka. Kwa daktari wetu, yote hayo yanatoka sifuri.

Hapo ndipo wengi huweka kalamu chini. Wameona sifuri, wameridhika kwamba hawadaiwi, wanaitupa fomu. Ilhali sehemu ya tano ndiyo iliyoshika fedha zao. Inasema hivi: andika jumla ya visanduku vya 6 vya W-2 zenu zote, mstari wa 19. Andika mshahara wa Medicare, mstari wa 20. Uzidishe kwa asilimia 1.45, mstari wa 21. Toa. Kinachobaki kwenye mstari wa 22 ndicho kilichokatwa kama kodi ya ziada. Kwa daktari: 3,605 kutoa 3,335, zinabaki 270. Tarakimu hiyo hushuka hadi mstari wa 24, kisha huhamia kwenye ritani kuu, Fomu 1040, mstari wa 25c, ambako inahesabiwa kama kodi mliyokwisha kulipa. Hapo inapunguza deni la kodi ya mapato au inaongeza kiasi mtakachorudishiwa. Haiji kwa hundi yake peke yake.

Asiyeambatisha fomu hiyo ameiachia serikali dola zake. Maelekezo ya mamlaka ya mapato, IRS, yanasema wazi kwamba mtu ambaye W-2 yake moja tu ina mshahara wa Medicare unaozidi 200,000 anatakiwa kuijaza, hata kama hana deni. Programu za kompyuta za kujazia ritani huifanya hesabu hii zenyewe, mradi uwe umeingiza visanduku vya 5 na 6 kama vilivyo. Anayejaza haraka haraka akaruka visanduku hivyo kwa kuwa haoni vina faida gani, programu haitaota ndoto. Na anayempelekea mtu wa mtaani amjazie kwa ada ya chini, amwombe amwonyeshe mstari wa 25c kabla ya kutia saini.

Kosa la pili ni la wale wanaodaiwa na wamekatwa kwa pamoja. Chukua mume wa 220,000 na mke wa 90,000. Jumla ni 310,000, wamezidi mpaka kwa 60,000, kodi ni dola 540. Mwajiri wa mume alikwisha kumkata 180 kwa zile 20,000 zilizopita 200,000. Kwa hiyo 540 zinaingia kwenye Schedule 2 kama deni, na 180 zinaingia kwenye 25c kama malipo. Wanabaki kulipa 360. Mtu akijaza upande wa deni akasahau upande wa malipo, amelipa 180 mara mbili. Akili humwambia kwamba hesabu imekwisha kwa sababu ameiona ile 540, na ni kosa jepesi kufanya saa tano za usiku wa tarehe 14 Aprili, siku moja kabla ya mwisho wa kuwasilisha ritani.

Kuna wanaoshtuka zaidi kwa sababu kisanduku cha 1 kinaonyesha chini ya 200,000 na bado wamekatwa. Siri iko kwenye akiba ya uzeeni. Fedha unazoweka katika mpango wa 401(k) kwa njia ya kawaida hazitozwi kodi ya mapato mwaka huo, hivyo hazimo katika kisanduku cha 1. Kodi ya Medicare haina huruma hiyo. Aliyeweka dola 23,500, ukomo wa mwaka 2025 kwa walio chini ya miaka 50, anaweza kuona 190,000 katika kisanduku cha 1 na 213,500 katika cha 5. Amekatwa dola 121 na senti 50, na mwajiri hakukosea. Hisa za kampuni zinazoiva mkononi mwa mfanyakazi nazo huhesabiwa kuwa mshahara siku zinapoiva, na ndiyo maana vijana wa kampuni za teknolojia huvuka mpaka ghafla katikati ya mwaka bila mshahara wao wa mwezi kubadilika.

Ndoa ndiyo inayoleta vituko vikubwa. Hali ya ndoa kwa ajili ya kodi hutazamwa siku ya mwisho ya mwaka. Ukiwa umeoa tarehe 31 Desemba, umehesabiwa kuwa na ndoa mwaka mzima. Sasa waza wachumba wawili wanaolipwa dola 200,000 kila mmoja. Wakiwa hawajafunga ndoa hawadaiwi kodi hii. Wakija likizo ya Krismasi wakafunga ndoa Mombasa au Arusha, harusi ikafana, wanarudi kazini wakiwa na deni la asilimia 0.9 ya dola 150,000: dola 1,350. Sisemi waahirishe hadi Januari. Kamati ya harusi ingewashangaa. Ila ni vyema deni lisiwakute kwenye fungate.

Kwa jamii yetu kuna hali nyingine inayogusa zaidi, nayo ni ya mtu aliyeko Marekani huku mwenzi wake yuko Moshi, Kisumu au Bukavu akisubiri viza. Huyu ana ndoa, hivyo hawezi kujaza kama mseja. Akijaza peke yake kama mwenye ndoa, mpaka wake unashuka hadi 125,000. Mwenye mshahara wa 180,000 katika hali hiyo anadaiwa asilimia 0.9 ya 55,000, yaani dola 495, na mwajiri hakumkata kitu kwa kuwa hakufika 200,000. Sheria inamruhusu kuchagua mwenzi wake ahesabiwe kana kwamba ni mkazi wa Marekani, wajaze ritani pamoja, na mpaka upande hadi 250,000. Lakini uamuzi huo una bei: mwenzi atahitaji namba ya mlipakodi, na kipato chake cha Moshi, kiwe cha duka, cha kodi ya nyumba au cha mshahara, lazima kitajwe kwenye ritani ya Marekani. Njia ya tatu ni ukuu wa kaya wenye mpaka wa 200,000, kwa anayeishi Marekani na mtoto wake anayetimiza masharti. Watoto walioko nyumbani Afrika Mashariki kwa kawaida hawamsaidii kupata hadhi hiyo. Hapa ningeshauri mtu alipe ada ya mhasibu anayejua mambo ya wageni, maana tofauti ya kodi ya mapato kati ya njia hizi ni kubwa kuliko hiyo 495.

Aliye na ajira mbili naye ana yake. Mseja aliyefanya kazi hospitali moja hadi Juni akalipwa 150,000, kisha akahamia nyingine akalipwa 120,000, hakukatwa popote. Kila mwajiri alianza kuhesabu upya kutoka sifuri. Jumla yake ni 270,000, deni ni dola 630. Hapo hapo, mtu huyu huenda akawa amekatwa zaidi upande wa pensheni ya Social Security, kwa kuwa yale makato ya asilimia 6.2 yana ukomo, dola 176,100 mwaka 2025, na kila mwajiri hukata bila kujua kuhusu mwenzake. Ziada hiyo hudaiwa mahali pengine kabisa kwenye ritani, katika Schedule 3. Watu huzichanganya mbili hizi. Ya pensheni ina ukomo wa juu na hurudi kwa aliyezidishiwa na waajiri wawili. Ya Medicare haina ukomo, ina mahali pa kuanzia.

Madereva wa malori wenye malori yao wenyewe, na wengine waliojiajiri, hawakatwi na yeyote. Wao hulipa asilimia 2.9 ya Medicare wenyewe, sehemu ya mwajiri na ya mfanyakazi kwa pamoja, na wakizidi mpaka wanaongeza 0.9. Mwenye mshahara na biashara kwa pamoja huanza na mshahara: mpaka wake hupunguzwa kwa kiasi cha mshahara, na faida ya biashara hutozwa kwa kinachozidi mpaka uliobaki. Mseja mwenye mshahara wa 150,000 amebakiza 50,000 za nafasi. Faida ya biashara inayotozwa ikiwa 90,000, elfu arobaini zinatozwa: dola 360. Biashara ikila hasara, hasara hiyo haipunguzi mshahara katika hesabu hii.

Anayejua mapema kwamba atadaiwa anaweza kujiandaa. Hakuna fomu ya kumwambia mwajiri aongeze makato ya Medicare hasa, lakini W-4, fomu ambayo mfanyakazi humpa mwajiri kuelekeza makato yake, ina mstari wa 4(c) wa kuongeza makato ya kodi ya mapato kila malipo. Manesi wetu wawili wakikatwa dola 12 zaidi kila wiki mbili kwenye mshahara wa mmoja wao, 270 imetimia na ziada. Wasio na mwajiri hulipa kwa awamu nne: Aprili, Juni, Septemba na Januari. Faini ya kuchelewesha kwa kawaida haimpati mtu ambaye deni lake, baada ya kuondoa makato, ni chini ya dola 1,000, au aliyekwisha kulipa asilimia 90 ya kodi ya mwaka huo. Pia huepuka aliyelipa kiasi sawa na kodi ya mwaka uliotangulia, ingawa kwa wenye kipato cha zaidi ya 150,000 kiasi hicho ni asilimia 110.

Na aliyekatwa kimakosa, kwa mfano mhasibu wa kampuni alianza kukata kabla ya kufika 200,000? Mwaka ukiwa bado haujaisha, mwajiri anaweza kurekebisha. Mwaka ukishakwisha, usipoteze muda kwenye dirisha la mishahara. Njia ni ritani.

Sasa nitoe langu la moyoni. Kodi hii ilipouzwa kwa wananchi ilikuwa kodi ya matajiri. Sikatai kwamba mwenye dola 200,000 ana nafuu kuliko wengi, na wazee wa Marekani lazima watibiwe na mtu fulani alipe. Lakini mipaka ile ya mwaka 2013 haijasogezwa hata kwa dola moja. Mipaka ya viwango vya kodi ya mapato husogezwa kila mwaka kufuata bei za vitu. Hii imeachwa ilipozaliwa, huku bei zikiwa zimepanda kwa zaidi ya theluthi moja. Matokeo yake ni kwamba kila mwaka inawafikia watu walio chini zaidi ya wale waliokusudiwa, na manesi wawili wa zamu za usiku tayari wamo. Bunge halihitaji kupiga kura kuipandisha kodi ya namna hiyo. Inajipandisha. Na kuwapa wanandoa mpaka wa 250,000 badala ya 400,000 ni kuwatoza watu kwa kuishi nyumba moja. Sijaona hoja inayoitetea ikanishawishi.

Kenya, tangu Oktoba 2024, hukata asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya mfuko wa afya wa jamii, bila ukomo wa juu. Makato hayo yana malalamiko yake mengi, lakini mwajiri akishakata na kuwasilisha, mfanyakazi hana hesabu ya ndoa ya kupiga. Wamarekani walichagua kiwango kidogo na karatasi nyingi.

Kuna jambo jingine ambalo wenzetu wanaopanga kurudi nyumbani uzeeni hawalipendi. Asilimia 0.9 hainunui chochote cha ziada. Haikupi kadi bora zaidi, haiongezi pointi. Ili mtu apate sehemu ya hospitali ya Medicare bila kulipia ada ya mwezi, yeye au mwenzi wake anahitaji pointi 40 za kazi, ambazo kwa kawaida ni miaka kumi, na hupatikana kwa mishahara midogo sana kuliko hiyo tunayoizungumzia. Tena Medicare, isipokuwa katika hali chache mno, hailipii matibabu nje ya Marekani. Mzee aliyestaafu akarudi Tanga hawezi kuitoa kadi yake katika hospitali ya Bombo. Marekani ina mikataba na nchi 30 ya kuunganisha michango ya hifadhi ya jamii ili mtu asitozwe mara mbili na miaka yake isipotee. Hakuna hata nchi moja ya Afrika katika orodha hiyo, na serikali zetu zenye raia wengi wanaochangia mfuko ule zingekuwa na haki ya kuuliza kwa nini.

Kwa sasa, lililo ndani ya uwezo wa msomaji ni dogo. Chukua W-2 zako za miaka mitatu iliyopita. Zidisha kisanduku cha 5 kwa 0.0145, ulinganishe na cha 6. Ikiwa cha 6 ni kikubwa kwa zaidi ya senti za kukadiria, fungua ritani ya mwaka huo utafute Fomu 8959 na mstari wa 25c. Ikiwa haupo au uko wazi, jaza Fomu 1040-X ya kurekebisha ritani, ambatisha 8959, udai chako. Dirisha la kudai ni miaka mitatu tangu kuwasilisha ritani: aliyewasilisha ya mwaka 2023 kwa wakati, tarehe 15 Aprili 2024 au kabla yake, ana hadi tarehe 15 Aprili 2027. Baada ya hapo IRS hairudishi, hata kama hesabu yako ni sahihi.